Unaanza kusoma kriminolojia? Usikae ukikaririshwa majina

Watu wakisikia nilisoma kriminolojia, yaani somo la uhalifu, hapa Nairobi swali huwa ni lilelile, mbona watu wanakuwa wahalifu, na saa ile anauliza ashakuja na jibu lake mfukoni: huyu ni umaskini, yule ni malezi, mzee wa kanisa ni shetani. Kama ndio unaanza hiyo kozi ushauri wangu ni huu, usijisumbue kutafuta nadharia ya kweli ni gani, kila moja iulize inajibu swali gani na inakwama wapi.

Chukua Lombroso. Daktari wa Italia, 1876 akatoa kitabu akisema kuna watu wamezaliwa wahalifu na unaweza kuwajua kwa taya na masikio. Klasi nzima inacheka, halafu jioni hao hao wako Tom Mboya Street wanaona kijana wa rasta wanakumbatia begi. Sayansi ilishamtupa kitambo, mtaani bado anafanya kazi.

Merton, mwanasosholojia wa Marekani, 1938, anasema jamii inatuuzia sote ndoto moja, pesa, lakini milango ya kuifikia si sawa, so wengine wanabaki na ndoto wanatafuta njia ya panya. Ukitazama vijana wa wash wash, wale matapeli wa pesa feki, unaona kabisa anaongea nini. Lakini sasa muulize, mbona mama mboga anayeamka usiku kwenda soko la Marikiti haibi? Hapo ndio Hirschi anaingia na 1969 yake, yeye amegeuza swali, anataka kujua ni nini kinatuzuia sisi wengine: familia, kazi, vitu ambavyo tukishikwa tutapoteza. Na wale wanaoiba kwa tenda, wenye suti? Umaskini hauwaelezi hata kidogo. Sutherland aliwaongelea 1939, na kwake uhalifu unafunzwa na watu wako wa karibu, mbinu pamoja na visingizio.

Lakini wenye ningekwambia ukae nao sana ni Shaw na McKay. Walichora ramani za Chicago wakitumia rekodi za mahakama za watoto za miaka mingi, wakapata maeneo fulani karibu na katikati ya jiji yanabaki juu tu kwa uhalifu wa vijana, wahamiaji wa taifa hili wanatoka, wa taifa lingine wanaingia, na ile hali haiondoki na wenye wameondoka. Wale waliohamia mitaa mizuri watoto wao wakatulia. Kwa hivyo tatizo lilikuwa mtaa, umaskini wake na watu kuingia na kutoka mpaka hakuna anayemkanya mtoto wa jirani, si damu ya mtu. Beba hiyo siku mjadala kwa matatu ukianza kuteleza kwenda kwa "ni watu wa kabila fulani", na utateleza tu, hii ni Nairobi.

Cohen na Felson, 1979, ni wa matumizi ya kila siku: mwizi aliye tayari, kitu cha kuiba, na hakuna mtu wa kulinda, vyote vikutane pahali pamoja saa moja. Jam, dirisha wazi, simu mkononi. Hawakuambii yule kijana alianzaje kuiba, ila dirisha utafunga.

Kitu ingine, toka kwa vitabu uende Makadara au Milimani ukae nyuma kortini, kesi nyingi zinasikizwa hadharani na huhitaji kujuana na mtu. Mimi nilielewa Sykes na Matza hapo, wale wa 1957 waliosema mhalifu hujitetea kwanza kwa roho yake ndio aweze kutenda. Ngoja tu mtu apatikane na hatia, hakimu amuulize kama ana la kusema kabla ya hukumu: ni pombe, hakuna aliyeumia, yeye ndiye alinianza, polisi wenyewe ni wezi, nilikuwa natafutia watoto. Zile mbinu zao tano zote unaweza kuzisikia asubuhi moja. Fika kabla ya saa tatu ndio upate kiti, na simu uzime.