Acha kutuma matangazo ukitumia anwani ya Gmail

Dada, umesema matangazo ya duka lako, unayotuma kupitia huduma ya barua pepe za wingi ukitumia anwani yako ya gmail.com, yanaangukia spamu. Kosa ni hiyo anwani. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza uhakiki wa watumaji, na huduma ya nje haiwezi kusaini barua kwa jina la gmail.com.

Nunua kikoa chako (domain, yaani jina lako mwenyewe la mtandaoni), hata cha .co.tz. Kwenye DNS (orodha ya rekodi za kikoa chako) weka rekodi za DKIM (saini inayothibitisha mtumaji) utakazopewa na huduma hiyo, kisha hii ya DMARC (maelekezo ya nini kifanyike kwa barua zisizopita uhakiki), chini ya jina _dmarc:

v=DMARC1; p=none

Nakusihi, usitoke p=none (usizuie barua) na kurukia p=reject (kataa barua zisizopita uhakiki) kabla hujahakikisha barua zote zinapita. Na waarifu wateja mapema kuhusu anwani mpya, wasije wakadhani ni tapeli.