Uvimbe chini ya ubongo kutolewa kupitia puani: maswali yenu

Shikamoo dokta. Mama ana uvimbe wa pituitari, kaambiwa utatolewa kupitia puani. Ndugu huku Majengo wanasema tunapigwa. (Moshi)

Marahaba. Hampigwi, na wala si mambo ya jana, mwaka 1907 huko Austria daktari Hermann Schloffer aliufikia uvimbe wa hivyo kwa njia ya pua, sema yeye ilibidi aipasue pua kwa nje. Siku hizi inaingizwa kamera nyembamba yenye taa, unene milimita 4 hivi, daktari anafuata kwenye skrini. Hiyo pituitari ni tezi ya homoni, ndogo kama punje ya njegere, imekaa kwenye kishimo cha mfupa chini ya ubongo na mbele yake kuna uwazi wa hewa unaofunguka puani, kwahiyo anatoboa kamfupa ka huko ndani anafika bila kuusogeza ubongo. Usoni hakuna kovu.

Mume wangu anajigonga pembeni, bodaboda zinamshtukiza pale Kilombero. Kashapewa miwani mara mbili, wapi! (Arusha)

Dada, miwani ya tatu asinunue, inaweza kuwa ni uvimbe huuhuu wa pituitari. Mishipa ya fahamu ya macho inapishana juu tu ya hiyo tezi, uvimbe ukipanda unaibana, na kinachopotea kwanza ni kuona pembeni, kushoto na kulia, ila herufi za ukutani anasoma zote, ndo maana duka la miwani hawakuona kitu. Aende kwa daktari wa macho apimwe upana wa kuona, kisha MRI, kipimo cha picha ya ndani ya kichwa, ifuate. Muulize pia kama pete ya ndoa inambana au namba ya kiatu imepanda, kuna uvimbe unaomwaga homoni ya ukuaji hata kwa mtu mzima. Msikae nalo hili, macho yakibanwa muda mrefu hayarudi yote.

Maziwa yanatoka na sinyonyeshi, siku zangu zimekata, prolaktini, ile homoni ya maziwa, iko juu. Lazima nipasuliwe? (Usa River)

Hapana. Pima mimba kwanza, na mtajie daktari dawa zote unazotumia, baadhi ya dawa za kuzuia kutapika na za magonjwa ya akili zinaipandisha. Ikiwa kweli ni uvimbe wa prolaktini, tunaanza na vidonge vya kabergolini na mwingi unasinyaa.

Baba karudi nyumbani baada ya operesheni, tuangalie nini?

Asipenge kamasi jamani, hapo ndo wengi wanaharibu! Chafya apige mdomo wazi, ndoo asiinue, choo kikiwa kigumu aombe dawa ya kulainisha. Akiinama yakamdondoka puani maji meupe yenye chumvichumvi, hayo sio mafua, yanaweza kuwa maji ya ubongo, hospitali siku hiyohiyo, na kama kuna homa na shingo imekakamaa hata usiku mpelekeni. Akikojoa mno na kiu haikatiki msimnyime maji, mpelekeni apimwe. Na kama kapewa haidrokotisoni, dawa ya kuziba pengo la homoni ya mwili, asiache kisa anajisikia poa, akiitapika ni dharura.

Huku kwetu tuanzie wapi?

KCMC, ile hospitali ya rufaa ya Moshi, wakiona inabidi mtapewa rufaa kwenda MOI, taasisi ya upasuaji wa mifupa na ubongo pale Muhimbili, Dar es Salaam. Uvimbe uliozunguka mshipa mkubwa wa damu pembeni ya tezi unaweza usitoke wote kwa pua, kwahiyo ulizeni mapema kitakachobaki kitafanywaje, na kama daktari wa ubongo na wa pua wataingia chumba cha upasuaji pamoja.