Kwenu mafundi wapya wa majiko ya kuni: dohani inapotonesha

Juzi nilimkuta kijana ninayemfundisha kazi akiwa juu ya paa la jiko la shule, hapa Kabale, Uganda, akipaka lami pale dohani, yaani bomba la kutolea moshi, inapotokea kwenye mabati, kwa sababu mpishi alikuwa amelalamika kwamba bomba linavuja. Mvua haikuwa imenyesha kwa siku nne. Nilimwita ashuke, nikamweleza haya ninayowaandikia.

1. Jueni maji yanatoka wapi kabla ya kushika ngazi. Maji ya mvua huja na mvua. Maji ya moshi huja na moto, huwa ya rangi ya kahawia iliyokolea, yana harufu kali, na huacha michirizi inayonata. Kilo moja ya kuni, hata zikiwa kavu, ikiungua hutoa mvuke wa karibu nusu lita ya maji, na kuni mbichi huongeza maji yake yenyewe, ambayo yanaweza kufika nusu ya uzito wake. Mvuke huo ukikuta bati lililopoa kwa ukungu wetu wa asubuhi, hugeuka maji papo hapo.

2. Ncha nyembamba ya kila bomba itazame chini, iingie ndani ya bomba linalofuata. Nilipoanza kazi nilifunga dohani ya shule moja ya bweni kinyume chake, nikiamini kwamba kwa kuwa moshi hupanda, ncha nyembamba zikielekea juu zitaupitisha bila kizuizi. Mpishi aliniita mara tatu, nami mara tatu nilipanda paani na kopo la lami na kulipwa. Mara ya nne alinishika mkono, akanisimamisha chini ya maungio ya pili huku jua likiwaka nje, na tone jeusi likaniangukia kiganjani. “Mwanangu,” akasema, “ni mvua gani hii inayonyesha jikoni peke yake?” Nyuma yake sufuria nzima ya posho (ugali) ilikuwa inamwagwa, kwa kuwa majimaji hayo yalikuwa yameidondokea, na watoto walikuwa wamepanga mstari na sahani zao. Niliwarudishia fedha za lami, lakini ule mstari wa watoto ningali ninauona. Maji yaliyokuwa yakiteremka ndani ya bomba yalikuwa yakifika kwenye kila maungio na kutokea nje. Nilipoyageuza mabomba, kazi ya asubuhi moja tu, maji yalishuka hadi kwenye kidirisha cha kusafishia.

3. Kugeuza mabomba huzuia kuvuja, hakuondoi unyevu. Kuni zipasuliwe, zipangwe juu ya magogo chini ya paa, miezi sita au zaidi. Vipande viwili vya mkaratusi vilivyokauka vikigonganishwa hulia kwa sauti kali.

4. Msiweke bomba pana kuliko jiko linavyohitaji, kwa maana moshi ukienda polepole hupoa. Ombeni wapishi, kwa heshima, wasifukize moto usiku kucha kwa gogo bichi ili maharage yaive taratibu, kwani hapo ndipo lami ya moshi hujijenga ndani ya dohani, na lami hiyo hushika moto.

Kesho yake yule kijana aliyageuza mabomba yote mwenyewe. Mpishi akawasha moto wa maharage, nasi tukasimama chini ya maungio kwa saa nzima, viganja wazi, vikabaki vikavu.