Barua kwa mwanangu: kurasa za nyuma za daftari la vipimo

Likoni, Jumapili usiku

Mwanangu,

Ujumbe wako wa Alhamisi nimeusoma mara tatu. Umesema kocha wa shuleni kwao amemwona mjukuu wangu majini, anataka aingie timu ya mashindano, na karatasi ya ada imeshaletwa nyumbani. Halafu ukauliza: "Mama, mimi niliwalia pesa ngapi? Na lau ungerudishwa nyuma, ungekubali tena?" Nilianza kukujibu kwenye simu nikashindwa. Vidole vyangu vimezoea sindano, kile kioo kinanikataa. Kwa hiyo nimeshika kalamu, na babako atakuletea akivuka kesho.

Pesa kwanza, kwa kuwa ndizo rahisi.

Lile daftari langu la vipimo vya wateja bado lipo. Kurasa za mbele ni mabega na viuno vya watu, za nyuma ni zako. Nimelifungua penye mwaka wa 2009, ulipokuwa na miaka 14. Ada ya klabu 6,000 kwa muhula, mihula mitatu. Nauli za alfajiri, zako na zangu, kama 20,000 kwa mwaka, na hapo feri tunapanda bure kwa miguu. Safari nne za Nairobi, basi na chakula na ada ya kuingia kila mbio, 30,000. Malazi hatukulipa hata senti, maana mamako mdogo wa Eastleigh alitutandikia sebuleni. Miwani, kofia za mpira na mafuta ya zile nywele zilizounguzwa na dawa ya bwawa, 5,000. Vazi la mashindano, 32,000. Hilo nitalirudia. Jumla 105,000. Wakati huo gauni la sare nalishona kwa 400, kitambaa cha mwenyewe. Gawanya, utapata magauni 262 na kipande.

Karatasi uliyoletewa haitakuonyesha hivyo. Karatasi inataja ada tu. Haitaji kwamba mtoto aliyeogelea saa nzima na nusu kabla ya chai humaliza mkate peke yake na bado akakutazama usoni. Wala haitaji kwamba mabega yanapanuka, na nguo uliyonunua Januari, ikifika Julai haipandi.

Nikukumbushe pia tulivyoanza, maana najua wewe unakumbuka medali. Hatukukupeleka bwawani ukawe bingwa. Tarehe 29 Aprili 1994, kabla hujazaliwa, feri ya Mtongwe ilipinduka, watu 272 wakafa, na nchi kavu iko pale wanaiona. Huku kwetu ikawa ukitoka matanga haya unaingia yale. Babako alikuwa akivuka papo hapo kwenda bandarini; siku hiyo zamu yake ilikuwa ya usiku, ajali ilimkuta upande wa pili akingoja kurudi. Hakusema mengi. Ulipofika miaka sita akasema mtoto wake hatavuka maji asiyoyajua. Ukafundishwa kuelea, kupumua, kugeuka chali ukichoka. Miezi minne tu, na aliyekufundisha nilimlipa kwa suruali mbili za kushona. Kuogelea kwenyewe hakukutushinda. Tulianza kuhema ulipoingia kwenye kushindana.

Na hata huko tuliingia taratibu, mpaka ilipokuja 2008. Jason Dunford, muogeleaji Mkenya, akaingia fainali ya mita 100 za mtindo wa kipepeo kwenye Olimpiki ya Beijing, akamaliza wa tano. Kwenye mchujo alikuwa ameshika rekodi ya Olimpiki, sekunde 51.14, akakaa nayo dakika chache tu kabla mwingine hajaivunja. Fainali yenyewe Phelps wa Marekani alimpita Čavić wa Serbia kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Nyinyi watoto mkapagawa, na sisi wazazi tukawapita. Pale kwenye benchi la bwawa, Nyali, pakaanza minong'ono ya ufadhili wa vyuo vya Marekani, kwa sababu Dunford alikuwa akisoma Stanford. Mama mmoja alikuwa ameshapanga mashindano ya mwanawe mpaka 2016. Nilimcheka moyoni. Kisha nikarudi nyumbani, nikachukua kalamu nikapanga ya kwako. Mwezi huo huo ndipo niliponunua ile saa ya kupimia muda. Mpaka hapo, pale kwenye benchi nilikuwa nikipiga pindo na kutia vifungo, kazi yangu ikienda. Baada ya saa ile nikawa nakuja na mfuko wa nguo na kurudi nao vile vile.

Sasa vazi. Mwaka wa 2009 ulikuwa mwaka wa yale mavazi ya plastiki. Kule Roma, kwenye mashindano ya dunia, zilivunjwa rekodi 43 za dunia, na hata sisi wa Likoni tulisikia kuwa siri ni nguo. Kocha wako hakutulazimisha, haki ya Mungu simsingizii. Alisema tu, "Wenzake watakuwa nalo." Wewe sasa ni mama, unajua neno kama hilo linapoingilia. Zamu yangu ya chama ilikuwa imefika, pesa za kununulia mashine ya ovaloki. Nikazituma Dubai kwa mjombako.

Lilipofika nilikaa nalo chini ya taa mpaka usiku wa manane. Fundi mimi, nimeshona tangu nikiwa msichana, nikaligeuza ndani nje nisione mshono wenye uzi. Vipande vimegandishwa kwa mashine, ukingo kwa ukingo, na kitambaa chembamba kama ganda la kitunguu. Nyanyako ndiye aliyelifurahia kuliko sote. Miaka yote alikuwa akisema tunamvua mtoto wa kike mbele za watu. Hili linashuka mpaka kifundo cha mguu. "Sasa mtoto amevaa," akasema, akakuombea dua.

Yale mashindano ya Kasarani, Nairobi, unayakumbuka, lakini ulikuwa na hofu, sijui kama uliona nilichokiona mimi. Chumba cha kubadilishia, sakafu imelowa. Nimekuvisha mifuko ya plastiki miguuni ili vazi liteleze. Kucha nimezikata siku mbili kabla. Tunalipandisha kidogo kidogo, vidole bapa, goti, paja, wewe umeshika ukuta. Dakika ishirini. Tulipofika nyonga likaachia, kwa sauti ndogo tu, kama mtu anapasua bahasha. Nikaingiza mkono kwenye mkoba nikatoa sindano, maana mkono wangu hauna akili nyingine. Nikaitazama ile sindano. Hapakuwa na pa kuichoma, kila tundu lingekuwa mwanzo wa mpasuko mwingine. Nikairudisha.

Ukavaa lile lako la zamani, lililokwisha rangi matakoni. Bwawa la mita 50, lililojengwa kwa ajili ya michezo ya Afrika ya 1987, na wewe umezoea la mita 25, ambapo ukichoka ukuta unakuja kukupokea. Nilikuona ulipofika katikati ukaukosa huo ukuta. Ukamaliza wa nne, na ukaupunguza muda wako mwenyewe. Ukatoka majini unacheka. Mimi nilikuwa juu kwenye ngazi za watazamaji, nalia kwa ajili ya nguo.

Tarehe 1 Januari 2010 FINA, shirikisho la kuogelea la dunia, ikayapiga marufuku yote. Kitambaa tu, na kwa wanawake lisivuke goti. Babako alitusomea gazetini, akalikunja, akatoka nje. Nyanyako akauliza hao FINA ni watu wa wapi wanaopunguzia watoto nguo.

Hayo ni ya daftarini. Kuna ya kakako, ambayo hayamo.

Alikuwa akijiamsha mwenyewe. Saa kumi na nusu mimi na wewe tumeshateremka kwenye feri, babako yuko zamu au amelala zamu, na yeye anapasha chai ya jana, anafunga mlango, anapeleka ufunguo kwa jirani. Alicheza mpira kwenye timu ya mtaa, beki wa kulia, na wallahi sikumwona akicheza hata mara moja. Fainali yao iliangukia Jumamosi ile ile ya Kasarani. Tuliporudi hakusema kitu, nasi tukawa tunasimulia ya vazi siku mbili. Jumatano nafungua mkebe wangu wa sindano nikaikuta medali humo ndani, imezungushwa utepe wake. Aliiweka mahali alipojua mkono wangu lazima ufike. Tangu ahamie Voi sijawahi kumtajia, na yeye hajawahi kunitajia. Ukiwa na watoto wawili, na huyo mdogo naye anakua, hiyo ndiyo gharama ninayokuomba uitazame kabla hujatazama ada.

La pili lisilomo daftarini ni la mimi na wewe. Desemba 2010, basi la usiku limesimama Mtito Andei, watu wanashuka kunywa chai. Umekaa dirishani. Ukasema, "Mama, nimechoka. Nataka kuacha." Ukasema taratibu, kama mtu aliyelifanyia mazoezi neno lake. Nami badala ya kukuuliza umechoka nini, nikakwambia, "Unajua tumetumia pesa ngapi?"

Hukujibu. Tumepita Voi, tumepita Maungu, tumefika Mariakani kunapambazuka, hujafungua mdomo. Ukaogelea mwaka mzima mwingine. Hukukosa mazoezi hata siku moja, na muda wako haukushuka hata nukta. Kocha akadhani ni mwili unabadilika. Mimi nilijua ni nini. Ulikuwa unalipa deni.

Kwa hiyo swali lako la pili. Ile ya miaka sita ningekubali kabla hujamaliza kuuliza. Zile alfajiri za feri pia, baridi ya bahari, taa za meli kule Kilindini, wewe umelala begani kwangu huku umesimama, na mara nyingine unaniuliza mambo ambayo mchana usingeniuliza. Hizo sizirudishi kwa bei yoyote. Mwaka ule wa mwisho nisingekubali. Ule ulikuwa mwaka wangu mimi, wewe nilikubebesha tu.

Mtoto umwache aingie, ukiweza. Lakini lipa kwa muhula, usilipe kwa mwaka hata wakikupunguzia, ili kila muhula ukiisha uweze kumuuliza kama anataka kurudi na jibu lake lisiwe na hasara. Mwulize kocha, bila haya, wakishasafiri nani analala nao chumba gani. Wewe usafiri naye angalau mara ya kwanza. Na bei ya kitu chochote asiijue. Akikwambia wenzake wana miwani ya aina fulani, mwambie utaona, kisha ukae wiki mbili uone kama atataja tena. Ile saa yangu ya muda iko kwenye droo ya cherehani, betri imekufa. Naijua tabia yako, utaiomba. Sitoi.

Kumpeleka nitakusaidia. Jumatatu na Jumatano nitavuka na feri ya saa kumi na moja, nimkute kwako Kisauni ameshavaa. Ijumaa usinitegemee, nina magauni ya harusi mpaka mwisho wa mwezi. Na Jumamosi ijayo kakako anakuja na wanawe, timu yao ya hapo Voi ina mechi Likoni. Mimi nimeshamwambia babako nitakwenda kutazama. Njoo na watoto, na ulete mkeka, maana pale uwanjani hakuna pa kukaa.

Mamako