Ukitaka kuijua fanki, anza na albamu za mwanzo

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ninaijua fanki, muziki wa Wamarekani weusi unaobebwa na besi na ngoma, kumbe nilichokijua ni nyimbo za ukumbini. Kool & the Gang kwangu walikuwa "Celebration" ya mwaka 1980, na Commodores, bendi nyingine ya fanki, walikuwa mwimbaji wao Lionel Richie akiimba taratibu huku watu wakisubiri keki ikatwe. Siku niliyoisikia albamu ya kwanza ya Kool & the Gang, iliyotangulia wimbo ule kwa takriban miaka kumi, niligeuza jalada mara mbili nikidhani nimechanganyiwa santuri, kwa sababu karibu albamu nzima ni ala tupu, na mwimbaji niliyemzoea, J.T. Taylor, hakuwamo; alijiunga nao mwaka 1979. Commodores nao, katika "Machine Gun" ya mwaka 1974, wana wimbo uliobeba jina la albamu ambao hauna hata neno moja la kuimbwa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuacha mikusanyiko ya nyimbo bora. Niliwahi kununua mmoja kwa bei nzuri, nikafika nyumbani na kukuta, chini kabisa ya jalada, kwa herufi ndogo kama za karatasi ya dawa, kwamba nyimbo zote zilirekodiwa upya miaka mingi baadaye. Ngoma zilisikika kama za mashine. Fedha ilikwenda hivyo.

Anza na The Meters wa New Orleans, albamu yao ya mwaka 1969 iliyopewa jina la bendi yenyewe. Ni watu wanne tu: Art Neville kwenye kinanda, Leo Nocentelli kwenye gitaa, George Porter Jr. kwenye gitaa la besi na Zigaboo Modeliste kwenye ngoma. Wimbo wa kwanza, "Cissy Strut", usikilize mara tatu mfululizo. Mara ya kwanza ifuate besi peke yake, uone inavyotembea bega kwa bega na gitaa kisha zote mbili zikanyamaza ghafla; mara ya pili zifuate ngoma, ambazo hazigongi pale sikio linapozitarajia; mara ya tatu sikiliza ile mianya ya ukimya, maana hapo ndipo mwili unapoanza kutikisika bila kuombwa. Usitumie spika ya simu, kwani humeza besi yote, na fanki bila besi ni pilau bila viungo.

Bendi ya Ohio Players, kwa albamu zao za mwaka 1972 na 1973, watafuata bila shida. Funkadelic ndio ningependa usiwaharakishe. Albamu yao ya tatu, "Maggot Brain" ya mwaka 1971, inafunguliwa na gitaa la Eddie Hazel linalolia kwa zaidi ya dakika kumi, na inasimuliwa kwamba kiongozi wao, George Clinton, alimwambia apige kana kwamba ameletewa habari ya kifo cha mama yake. Mimi niliiweka jioni moja kwa sauti ya juu, na mama yangu, ambaye kisa hicho hakukijua, alichungulia mlangoni akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kuna msiba?" Tangu siku hiyo ninaisikiliza kwa hedifoni.