Maswali yenu: fremu nzuri, gari nitaliweka wapi?

Nimepata fremu mbili za duka. Moja iko barabarani, haina maegesho. Nyingine iko nyuma, ina nafasi za magari 8. Nichukue ipi?

Unauza nini? Swali hili linanifikia mara kwa mara bila kutaja biashara, nami siwezi kuagua. Muuza magazeti anaishi kwa wapita njia, achukue ya barabarani. Muuza vigae au mitungi ya gesi aende nyuma bila kusita. Nimewahi kumwona mteja akivuka barabara na mtungi begani, mkono wa pili ameunyoosha kuzuia magari, kwa sababu gari lake aliliacha ng'ambo. Wa hivyo safari nyingine atatafuta duka jingine.

Nafasi 6 zinatosha?

Usihesabu nafasi tu, hesabu na dakika. Duka la dawa ambalo mteja anakaa dakika 15, nafasi moja inapokea magari 4 kwa saa, na zote 6 zinapokea 24. Saluni ambayo mteja anakaa saa 2, nafasi hizo hizo zinapokea magari 3 kwa saa. Tena hesabu hiyo inachukulia kwamba hakuna nafasi iliyokaa tupu hata kidogo, jambo ambalo halitokei, kwa hiyo punguza.

Kisha toa magari yenu wenyewe. Wewe na wafanyakazi wawili mkipaki mbele ya mlango asubuhi hadi jioni, mteja wa kwanza anakuta zimebaki 3. Hili linaniuma sana. Watu wanahama eneo zuri kwa kulalamikia maegesho waliyoyajaza wao. Paki mbali, uje kwa miguu.

Dalali anasema maegesho yapo. Nimwamini?

Soma mkataba wa pango. Kama hayamo, usiyahesabu. Na yakiwamo, angalia kama ni yako au ni ya pamoja na benki na zahanati ya jirani. Usikague fremu kwa saa aliyoipanga dalali. Nenda mwenyewe saa ambayo wateja wako watakuwa wanakuja.

Nikitoza maegesho si nitafukuza wateja?

Mita ya kwanza ya maegesho, yaani kifaa cha kulipia muda wa kupaki, ilifungwa Oklahoma City, Marekani, Julai 1935, kwa ada ya senti 5. Kilio kilikuwa cha wenye maduka: magari ya wafanyakazi yalikaa kutwa, wanunuzi wakakosa pa kusimama. Profesa Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), alishauri bei inayoacha nafasi moja au mbili wazi kila wakati. Kwako, nusu saa ya kwanza iwe bure, anayekaa zaidi alipe. Lakini kama nusu ya eneo liko tupu, usitoze chochote.

Wateja wangu wengi huja kwa miguu. Nihangaikie maegesho?

Umewauliza, au umekisia? Simama mlangoni siku tatu, uwaulize. Ikiwa kweli, usilipie eneo la magari: nafasi moja pamoja na njia ya kugeuzia inakula kama mita za mraba 25 hadi 30, na ndani yake duka dogo linaenea. Bakiza mbili tu karibu na mlango, ya kushushia mzigo na ya mwenye kiti cha magurudumu. Hizo usiziachie, hata mwenye nyumba akikupunguzia kodi ili uziache.