Gari la zamani linasumbua umeme? Tafuta volti zinakopotelea

Taa kubwa zikififia, mtu hukimbilia kununua balbu. Stata ikizunguka kwa uzito, hununua betri. Siku mbili baadaye tatizo lipo palepale na hela imeshakwenda. Kwenye gari lenye miaka 40 au 50, mara nyingi vifaa vyenyewe ni vizima. Kilichochoka ni maungio: boliti iliyokaa juu ya rangi, tamino (kichwa cha waya) yenye ukungu wa kijani, swichi ambayo shaba yake imeungua. Hapo ndipo volti hupotelea, na mita ya kawaida ya kupimia umeme inaweza kukuonyesha mahali penyewe.

Kwanza kabisa angalia ni upande upi wa betri umefungwa kwenye bodi. Magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 yalifungwa chanya kwenye bodi, kinyume na tulivyozoea. Ukiunganisha altaneta au redio ya kisasa bila kulijua hilo, unaiunguza papo hapo. Jua pia kama gari ni la volti 6 au 12. Volkswagen Beetle za zamani, kwa mfano, zilitumia volti 6. Namba zinazofuata ni za volti 12.

Betri iliyopumzika saa kadhaa isome takriban volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na ikifika 12.0 ichaji kwanza, kwa sababu vipimo vingine vyote vitakudanganya. Injini ikiwaka na kuzungushwa kasi kidogo, tegemea kati ya 13.8 na 14.4. Kisha chomoa waya mwembamba unaoleta umeme kwenye koili ya plagi ili injini isiwake, mwenzako azungushe stata huku wewe unatazama mita. Betri iliyojaa ikishuka chini ya 9.6, ama imechoka, ama stata inavuta kupita kiasi.

Sasa tuje kwenye kipimo chenye faida kuliko vyote. Weka mita kwenye volti. Ncha moja igusishe nguzo ya risasi ya betri upande wa ethi, yaani ule uliofungwa kwenye bodi; gusa nguzo yenyewe na si klampu iliyoikamata. Ncha ya pili igusishe chuma kisafi cha injini. Zungusha stata. Ikisoma chini ya 0.2, njia ya ethi ni nzuri. Ikizidi 0.5, kuna ungio bovu katikati, na sasa unalisaka kwa kusogeza ncha ya pili hatua moja moja: kwenye klampu, kwenye bodi pale waya ulipofungwa, upande wa pili wa waya wa ethi wa injini. Mahali namba inaporuka ghafla ndipo penye kasoro. Upande wa betri usio wa ethi pima vivyo hivyo, kutoka nguzo yake hadi boliti kubwa ya stata. Hapo vumilia hadi 0.5.

Usiusahau waya mpana uliosukwa kati ya injini na bodi. Injini imekalia raba, kwa hiyo waya huo ukikatika, umeme wa stata hutafuta njia nyingine ya kurudi: mara nyingi kebo ya choki au ya mafuta. Kebo ya choki ikipata moto au kutoa moshi unapopiga stata, usiibadilishe tu. Tafuta waya huo.

Wengi hupenda kupima waya kwa omu, yaani ukinzani wake, gari likiwa limezimwa. Kipimo hicho kinapotosha. Waya wa nyuzi 28 uliobakiwa na uzi mmoja bado utasoma karibu na sifuri, maana mita inapitisha umeme kidogo mno. Taa kubwa mbili za wati 55 zinavuta ampea 9 hivi. Ukinzani wa omu 0.2 tu, ambao mita ya bei nafuu haiuoni vizuri, unakula volti 1.8 taa zikiwa zimewashwa. Volti zikishuka kwa asilimia 15, mwanga hupungua kwa takriban asilimia 40. Kwa hiyo pima kifaa kikiwa kinafanya kazi, kila mara.

Taa kubwa ndizo huumia zaidi, kwa sababu kwenye magari mengi ya zamani umeme wake wote unapita ndani ya swichi ya dashibodi. Swichi ikipata joto baada ya dakika chache, kontakti zake zinaungua. Suluhisho tunalolipendekeza bila kusita ni rilei, swichi inayoendeshwa na umeme, ambayo pini zake zina namba: 30 ipate umeme kutoka betri kwa waya wa milimita mraba 2.5 wenye fyuzi ya ampea 15 karibu na betri, 87 iende kwenye taa, 86 ipokee waya wa zamani wa swichi, na 85 iende ethi. Weka moja kwa taa za juu na nyingine kwa za chini.

Ukiwasha indiketa na taa ya nyuma ya upande huohuo ikapepesa nayo, au ukikanyaga breki na taa zisizohusika zikabadilika, soketi ya taa haina ethi na umeme unarudi kupitia balbu nyingine. Vuta waya mpya wa ethi kutoka soketi hadi bodi.

Fyuzi inayokatika kila ukiiweka ina maana ya shoti. Kuweka fyuzi kubwa zaidi, au kuifunga kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, ni kuchoma waya ndani ya bodi. Badala yake unganisha balbu ya wati 21 mahali pa fyuzi. Kukiwa na shoti itawaka kwa nguvu, lakini itapitisha ampea 2 tu hivi, kwa hiyo hakuna kinachoungua. Chomoa vifaa vya mkondo huo kimoja kimoja na utikise waya, hasa zinapopita kwenye matundu ya chuma. Balbu ikizimika au kufifia, umefika. Angalizo kwa wenye magari ya Uingereza: fyuzi ya kioo ya Lucas (kampuni ya vifaa vya umeme vya magari hayo) iliyoandikwa 35 hukatika kwenye ampea 35, lakini kazi yake ya kudumu ni 17. Fyuzi za mfumo mwingine zilizoandikwa 35 hubeba 35 muda wote, na waya zako hazikutengenezewa hivyo.

Betri inayoisha usiku, pima kwa ampea: mita iwe katikati ya nguzo na waya wa ethi, kwenye tundu la 10A, milango imefungwa. Usipige stata wakati huo, utaiua mita. Gari lisilo na kompyuta lisome karibu na sifuri. Saa ya dashibodi hula kidogo, ila ukiona zaidi ya miliampea 50, toa fyuzi moja moja hadi namba ianguke. Isipoanguka, chomoa altaneta, ambayo kwa kawaida haipiti kwenye fyuzi, na dayodi zake (vipande vya kuzuia umeme usirudi nyuma) zikichoka huvuja. Kwenye gari la dinamo (jenereta iliyotumika kabla ya altaneta), tazama kontakti za katauti, swichi inayoitenga dinamo na betri injini ikizimwa. Zikinata, betri hujimwaga kwenye dinamo.

Ukishapata ungio bovu, kwangua rangi hadi chuma king'ae, weka washa yenye meno, kaza, kisha paka grisi juu. Waya uliogeuka mweusi ndani ukate hadi ukute shaba inayong'aa. Tamino ibane kwa koleo lake maalumu; risasi ya kulehemu huufanya waya kuwa mgumu na mtikisiko huukata pale risasi inapoishia. Halafu rudia kipimo kilekile, kifaa kikiwa kimewashwa. Kama namba ya upande wa ethi bado iko juu ya 0.2, kuna ungio jingine kwenye njia hiyohiyo.